Saa za Usukani: Mjadala wa Njia ya Dar es Salaam hadi Lilongwe

Saa za usukani ni muda ambao dereva wa lori anaruhusiwa kuendesha kabla ya kulazimika kupumzika. Kitabu cha safari ni kumbukumbu ya muda huo: saa ya kuondoka, saa ya kusimama, mahali gari lilipolala, kazi iliyofanywa gari likiwa limesimama, na jina la aliyekuwa kwenye usukani. Mambo haya mawili hayatengani. Ukomo wa saa usioandikwa popote hauwezi kuthibitishwa, na kitabu kisicho na ukomo nyuma yake hakimlindi mtu.

Chimbuko la sheria za aina hii ni usingizi. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huanza kukosea kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, hali yake hukaribia ya mwenye asilimia 0.10. Mwili pia una nyakati zake za uzito, hasa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na tena alasiri. Dereva akisinzia kwa sekunde 3, lori likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata zaidi ya mita 60 bila mwongozaji. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilikadiria vifo vya ajali za barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo kikilinganishwa na idadi ya watu wake.

Kipimo cha kimataifa kipo tangu 1979, katika Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani. Mkataba huo unataka dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 bila kupumzika, asizidishe saa 9 kwa siku wala saa 48 kwa wiki, na apate mapumziko ya saa 10 mfululizo katika kila saa 24. Unataka pia kitabu cha saa kwa kila dereva. Kenya, Tanzania na Malawi hazijauridhia, lakini kila moja ina sheria zake. Kenya, kwa marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2012, inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inazuia siku ya kazi kupita saa 12 hata pakiwa na saa za ziada, na inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Sheria ya Ajira ya Malawi ya 2000 inaweka saa 48 za kawaida kwa wiki.

Lori linaloondoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lilongwe huvuka mpaka wa Kasumulu na Songwe, na likishavuka huwa chini ya sheria nyingine. Mzigo ni uleule, dereva ni yuleyule, uchovu wake ni uleule. Ndiyo maana suala hili halijadiliwi bandarini peke yake. Linajadiliwa pia Kawale, mtaa wa makazi na biashara jijini Lilongwe, ambako Kiswahili cha madereva wa Tanzania hukutana na Kiswahili cha Wakongo na Warundi wenye mafungamano na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka jijini. Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti nne za makundi, wala si za watu mahususi: dereva wa masafa marefu, mwenye malori, mkaguzi wa usalama barabarani, na mkazi wa Dzaleka aliyewahi kuendesha malori mashariki mwa Kongo na ambaye ndugu zake sasa wanaendesha Marekani.

Hoja ya kwanza: Je, ukomo wa saa unatekelezeka katika njia hii?

Mwenye malori anaanza kwa kukana. Kwake, sheria za saa zimetungwa kwa barabara za nchi nyingine, zenye njia nne na vituo vya mapumziko kila baada ya kilomita chache. Mfanyabiashara wa Lilongwe ameagiza bidhaa kwa mkopo, riba inapanda kila siku, na mshindani anaahidi kufikisha mzigo kwa siku tatu. Anayesema siku sita hupoteza kazi.

Dereva anajibu kwa hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Lilongwe, kwa kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya, Karonga na Mzuzu, ni yapata kilomita 1,600. Lori lenye mzigo kamili halitembei kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa. Linapunguza mwendo katika kilomita 50 zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi, linapanda Kitonga kwa gia ndogo, linasimama kwenye mizani, linateremka Tukuyu kwa tahadhari, na upande wa Malawi linakwea miinuko ya Chiweta kutoka ukanda wa ziwa. Wastani wa kilomita 40 kwa saa ndio wa kweli. Kwa wastani huo safari inataka saa 40 za usukani. Ukizigawa kwa saa 8 unapata siku 5 kamili, na bado mpaka haujahesabiwa.

"Tajiri, ukiniambia siku tatu umeniambia niendeshe saa 13 kila siku," anasema dereva. "Hapo sijapakia, sijasimama mpakani, sijala."

Mkaguzi anaongeza ratiba ambayo hesabu hiyo inaizaa. Siku ya kwanza gari lilale Mikumi, ya pili Mafinga, ya tatu Tukuyu. Siku ya nne ni ya mpaka na kufika Karonga, ya tano ni ya kupanda hadi Mzuzu, ya sita ni ya kushuka kupitia Kasungu hadi Lilongwe. Hakuna siku inayohitaji zaidi ya saa 9 za usukani zinazotajwa na Mkataba namba 153, na siku ya mpaka ina nafasi ya foleni. Kwa hiyo ukomo wa saa unatekelezeka. Kisichotekelezeka ni ahadi ya siku tatu.

Mwenye malori anapendekeza njia ya kati: madereva wawili katika gari moja, mmoja aendeshe, mwingine alale. Mkaguzi anakubali kwamba mpango huo unatambuliwa katika sheria za nchi nyingi, lakini anaweka mipaka miwili. Kwanza, usingizi ndani ya gari linaloyumba si sawa na usingizi wa gari lililosimama, na hauwezi kuwa mapumziko pekee ya wiki nzima. Pili, wa pili lazima awe dereva kweli, mwenye leseni ya daraja linalohusika na mkataba wake. Katika malori mengi anayeshika usukani dereva anapochoka ni utingo, kijana aliyeajiriwa kwa kazi ya kufunga turubai na kubadili tairi. Jina lake haliingii kitabuni, na ajali ikitokea mikononi mwake bima huwa na sababu ya kukataa kulipa.

Hoja ya pili: Kusubiri ni kazi au ni mapumziko?

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mkali zaidi. Mwenye malori anashikilia kwamba dereva aliyekaa siku mbili Kasumulu akingoja wakala wa forodha amepumzika siku mbili, na anapofunguliwa geti anaweza kuendesha hadi Mzuzu bila kusimama.

Dereva anakataa. Kwenye foleni gari husogea hatua kwa hatua, mchana na usiku. Anayelala anapitwa. Anayeshuka kwenda kuoga anaweza kukuta turubai limechanwa au mafuta yamefyonzwa kwenye tangi. Dereva ndiye mlinzi wa mzigo, mjumbe wa nyaraka na msimamizi wa utingo. Anapofunguliwa geti baada ya siku mbili za namna hiyo, amechoka kuliko alipofika.

Mkaguzi anaunga mkono na kueleza kanuni. Kusubiri huhesabiwa kuwa mapumziko pale tu dereva anapojua muda wake mapema, anapoweza kuliacha gari bila kuwajibika kwa mzigo, na anapopata mahali pa kulala. Likikosekana moja kati ya hayo, kusubiri ni kazi, na kuandikwe hivyo katika kitabu cha safari. Asiyeandika saa za foleni anaandika nusu ya siku.

Foleni zenyewe si jambo la dereva kulaumiwa. Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, vipimo vya madereva mipakani vilizaa misururu ya malori ya makumi ya kilomita upande wa Malaba, kati ya Kenya na Uganda. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, baada ya Malawi kuzuia bidhaa za aina hiyo kutoka nje, na mzozo huo wa kibiashara ukaigusa moja kwa moja njia ya Kasumulu. Maamuzi ya aina hiyo hufanywa maofisini, lakini saa zake hulipwa barabarani.

Ndipo dereva anapogusa kiini cha malalamiko yake. Wengi wa wenzake hulipwa mshahara mdogo na posho ya safari. Posho hutolewa kwa safari, si kwa siku. Safari ikichukua siku kumi kwa sababu ya mpaka, posho ni ileile ya siku sita, na chakula cha siku nne za ziada hutoka mfukoni mwake. Njia pekee ya kufidia ni kukimbiza gari lipate safari nyingine kabla mwezi haujaisha. "Bosi akinilipa foleni," anasema, "sitakuwa na sababu ya kuifidia usiku."

Hoja ya tatu: Kitabu kiandikwe kwa mkono au kwa mashine?

Mkaguzi anaeleza udhaifu wa kitabu cha karatasi. Kinaweza kujazwa chote siku moja kabla ya ukaguzi, kwa wino mmoja na mwandiko mtulivu usio wa mtu aliyekuwa safarini. Saa zake hupatana na sheria lakini hazipatani na risiti za mafuta, tiketi za mizani wala mihuri ya mpakani. Mkaguzi anayejua kazi yake halinganishi kitabu na sheria peke yake. Anakilinganisha na karatasi nyingine zilizomo ndani ya kabati la gari.

Mkazi wa Dzaleka analeta habari za mbali. Udereva wa malori ni kazi ambayo wakimbizi wengi wa Kongo na Afrika Mashariki wameipata Marekani. Huko dereva wa mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11, nazo ziwe ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na kabla ya hapo awe amepumzika saa 10 mfululizo. Tangu Desemba 2017 kitabu cha karatasi kimebadilishwa kwa kifaa kilichounganishwa na injini: gari likianza kutembea, saa inaanza kuhesabu yenyewe. Ulaya ilitangulia zaidi, kwani ilianza kulazimisha takografu, yaani kifaa cha kurekodi saa na mwendo wa gari, katika malori kwa kanuni ya 1970. Leo dereva wa Ulaya hupumzika dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za usukani.

Lakini mkazi huyo haiuzi mashine kama dawa ya kila kitu. "Kaka, mashine inajua gari limetembea," anamwambia dereva, "haijui kwamba ghala limekukalisha saa tano bila kukupakia." Katika mfumo wa Marekani zile saa 14 huendelea kuisha hata dereva akingoja kupakiwa, na wengi hulipwa kwa maili. Kwa hiyo anayecheleweshwa ghalani hutoka akiwa na haraka ya kuwahi kabla saa hazijaisha. Tena, Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya 1938 iliwaacha madereva wengi wa masafa marefu nje ya malipo ya saa za ziada, na hali hiyo haijabadilika. Mashine inazuia uongo wa kitabu, ila haigusi ulipaji unaousababisha uongo huo.

Mwenye malori anasema vifaa ni ghali. Mkaguzi anamkumbusha kwamba teknolojia ya kufuatilia malori tayari imefika. Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo inayopita, ulioanza 2017, na kampuni nyingi zimefunga vifaa vya kuonyesha gari liko wapi. Tanzania, kupitia Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), inafuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani na imeleta kitufe cha kumtambua dereva aliye kwenye usukani. Kwa lori, kifaa kinalinda mzigo na mafuta. Taarifa zilezile zinatosha kuonyesha gari lilitembea saa ngapi bila kusimama. Kinachokosekana ni kuzisoma kwa faida ya dereva.

Hoja ya nne: Nani awajibike?

Mwenye malori anasema kitabu kina saini ya dereva, basi kosa ni la dereva. Dereva anauliza kama mtu asiye na mkataba wa maandishi anaweza kukataa amri ya simu. Akikataa, gari anapewa mwingine kesho yake. Suala la mikataba si geni: migomo ya madereva wa mabasi na malori iliyotikisa Tanzania Aprili na Mei 2015 ilikuwa na madai ya mikataba ya ajira miongoni mwa madai yake.

Mkaguzi analeta mfano wa sheria. Marekebisho ya Kenya ya 2012 hayamgusi dereva peke yake. Mwenye gari anayesababisha au kuruhusu dereva kupita saa 8 naye ametenda kosa. Hapo sheria imemfuata mwenye kutoa amri. Kanuni za Ulaya zinakwenda mbali zaidi, kwani zinakataza malipo yanayotegemea umbali au kiasi cha mzigo ikiwa yanahatarisha usalama barabarani.

Mkazi wa Dzaleka anawakumbusha wasiohesabiwa kabisa. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiweka pingamizi kuhusu, pamoja na mambo mengine, ajira na uhuru wa kutembea. Kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa 1994 kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, sasa ina zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waishio nje ya kambi warudi Dzaleka. Dereva mwenye uzoefu wa milima ya Kivu hana njia nyepesi ya kuajiriwa rasmi Lilongwe. Akipata kibarua cha kupakia au kusaidia safarini, hana mkataba, hana kitabu, na hawezi kudai saa zake mbele ya afisa yeyote. Sheria ya saa za kazi humfikia tu mtu ambaye sheria nyingine zimekwisha kumtambua kuwa mfanyakazi.

Hoja ya tano: Apumzike wapi?

Katika hoja hii sauti zote nne zinakaribiana. Kumwamuru dereva asimame mahali pasipo taa, maji wala ulinzi ni kumwamuru achague kati ya kuibiwa na kuvunja sheria. Njia hii inahitaji viegesho vyenye walinzi, vyoo, mabafu, chakula na huduma ya afya, na viwe pale ambapo saa za usukani humalizika, si pale ambapo kiwanja kimepatikana.

Malawi ina historia ya heshima katika jambo hili. Kliniki ya kwanza ya kando ya barabara ya mpango uliokuja kuitwa North Star Alliance ilifunguliwa Mwanza, mpakani mwa Malawi na Msumbiji, mwaka 2005, kwa ushirikiano wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na kampuni ya usafirishaji ya TNT. Iliwahudumia madereva kwa upimaji na matibabu, VVU vikiwa tishio kubwa la wakati ule. Kazi iliyoanza kwa ajili ya virusi inaweza kuendelezwa kwa ajili ya usingizi: shinikizo la damu, kisukari na kukosa usingizi wa kutosha ni magonjwa ya kiti cha dereva, na kliniki ya njiani ndiyo inayoweza kuyakuta mapema.

Hukumu ya mjadala

Mwenye malori ana haki anaposema ushindani unamlazimisha, lakini ushindani huo unauza saa za usingizi wa mtu mwingine. Dereva ana haki anapodai malipo ya foleni, lakini malipo hayo yanamtaka naye aandike kitabu cha kweli, pamoja na jina la utingo kila anapomwachia usukani. Mkaguzi ana haki anapotaka mashine, lakini mashine bila kubadili posho itahamishia udanganyifu mahali pengine. Mkazi wa Dzaleka ana haki kuliko wote anaposema kwamba asiye na mkataba yuko nje ya ulinzi wowote.

Mambo matatu yafanyike kwa mpangilio huu. Kwanza, ratiba itengenezwe kutoka katika saa halali, na iandikwe katika hati ya mzigo ili mkaguzi wa Tanzania na wa Malawi waisome ileile. Pili, saa za kusubiri ziandikwe na zilipwe, na gharama yake imfikie anayechelewesha. Tatu, kosa la kupita saa limwajibishe mtoa amri kabla ya mshika usukani. Malawi na Tanzania zimekaa meza moja katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) kwa miaka mingi na hazikosi pa kuanzia kukubaliana juu ya kitabu kimoja cha safari.

Mfanyabiashara wa Kawale anayeagiza mzigo leo ana nafasi yake pia, na haihitaji kusubiri Bunge: amuulize msafirishaji safari itachukua siku ngapi, na akatae jibu la siku tatu. Kutoka Dar es Salaam hadi Lilongwe kwa lori ni safari ya siku sita. Anayeiuza kwa siku tatu anaiuza kwa hatari ya dereva na ya kila mtu aliye barabarani, na yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.